Chembe ya Baruti, Maili ya Upepo

Chembe moja ya baruti ya bunduki ya kisasa ina uzito wa takriban sehemu mbili za mia za greni. Greni yenyewe ni miligramu 65 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu kinachozidi miligramu moja kwa kiduchu tu. Kwa macho ni kijiti kifupi cheusi, na ukipumua vibaya kinaruka. Hata hivyo wapo watu, tena wengi, Marekani, Uingereza, Australia na Afrika Kusini, ambao usiku wa kuamkia mashindano hukaa mbele ya mizani ya umeme wakiitoa chembe hiyo kwa kibano, wakairudisha, wakaitoa tena, mpaka tarakimu zitulie pale wanapopataka. Asubuhi yake watalala kifudifudi uwanjani na kulenga shabaha iliyo yadi 1,000 mbele yao, yaani mita 914. Kati ya mtu na shabaha yake kuna upepo, na upepo huo hakuna aliyeuweka kwenye mizani.

Chembe ile na upepo ule, kipi kina uzito zaidi? Jibu linajulikana, na wanaolijua vizuri zaidi ni hao hao wenye vibano. Kwa nini basi hawaachi?

Anayejua gobore hahitaji maelezo marefu kuhusu kazi yenyewe. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, gololi hufuata, vyote hushindiliwa kwa ufito, fataki huwekwa mahali pake, na kila mwenye gobore ana kipimo chake cha baruti anachokiapia. Mlenga shabaha wa masafa marefu hufanya mambo yale yale, ila yeye hushindilia mezani, ndani ya ganda la shaba. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, fataki iliyokufa hung'olewa, ganda hubanwa kwenye kalibu ili lirudi umbo lake, fataki mpya hupachikwa kitakoni, baruti hupimwa na kumiminwa, kisha kichwa cha risasi hukandamizwa kwenye shingo ya ganda taratibu, mkono ukisikiliza. Neno "ukisikiliza" nimelitumia makusudi. Wazoefu husema shingo inayobana kuliko wenzake huijua kwa mkono kabla hawajaipima, na ganda hilo huliweka kando kwa ajili ya mazoezi. Kina cha kichwa hupimwa kwa kalipa, kwa sehemu za elfu za inchi, maana umbali kati ya kichwa na mwanzo wa michirizi ya kasiba nao una neno lake katika namna risasi inavyotua.

Kisha yanakuja maamuzi. Kichwa cha uzito gani, chenye umbo gani? Baruti ipi, kiasi gani? Kiende kasi kiasi gani? Kwa mlenga shabaha wa mita 100 maswali haya yana jibu moja, nalo ni mchanganyiko wowote unaopitisha risasi zote kwenye tundu moja dogo. Kwa mlenga wa mita 914 jibu hilo halitoshi, kwa sababu huko mbali hakuna anayeshindwa kwa kukosa tundu dogo. Watu hushindwa kwa upepo.

Kuhusu upepo, watu wengi, wakiwemo wenye bunduki, wanaamini kwamba risasi inayokwenda kasi hupeperushwa kidogo kwa sababu inakaa hewani muda mfupi. Huo ni ukweli nusu. Katika karne ya 19 afisa wa mizinga wa Ufaransa, Isidore Didion, aliacha kanuni ambayo bado inatumika: chukua muda ambao risasi inatumia kufika, toa muda ambao ingetumia kama isingekuwepo hewa kabisa, kisha zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo wa ubavuni. Jibu ni umbali ambao risasi itasukumwa. Kwa maneno mengine, upepo hauitozi risasi kwa muda wote iliokaa njiani. Unaitoza kwa muda iliocheleweshwa.

Ukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo la ajabu, tazama bunduki ndogo, ile ya .22 ambayo vijana wengi hujifunzia. Risasi zake huuzwa za kasi ya kawaida, zinazotoka chini kidogo ya kasi ya sauti, na za kasi kubwa, zinazotoka juu yake. Ukipiga yadi 100 penye upepo wa ubavuni, ile ya kasi kubwa hufika mapema na hupeperushwa zaidi. Sababu ni kwamba risasi inayopita karibu na kasi ya sauti hukutana na ukinzani mkali wa hewa, hupoteza kasi haraka, na ucheleweshaji wake unazidi ule wa mwenzake aliyeondoka polepole. Ndiyo maana walenga shabaha wa .22 hununua risasi za polepole, wala si kwa kubana matumizi.

Kinachotendeka ni hiki. Risasi inayozunguka vizuri haiendi imekaza uso kwa shabaha huku upepo ukiipiga ubavuni njia nzima. Mara tu inapotoka mtutuni hugeuza pua yake kidogo kuufuata mkondo wa hewa inaoukabili, sawasawa na chombo kilichotia nanga kinavyogeuza omo kuelekea upepo. Tangu hapo hewa haiisukumi ubavuni, inaivuta nyuma. Ila kwa kuwa pua imeelekea pembeni kidogo, kila mvuto wa nyuma una kisehemu cha pembeni ndani yake. Risasi inayovutwa nyuma kidogo hupelekwa pembeni kidogo. Basi kuchagua mzigo, yaani mchanganyiko wa ganda, baruti na kichwa, wa kupambana na upepo maana yake ni kuchagua kichwa kinachokata hewa vizuri: kirefu, chembamba, chenye pua ndefu na mkia uliopunguzwa, na kizito kwa kipenyo chake. Kasi inafuata baadaye.

Hesabu zake si ngumu. Bunduki ya .308, ambayo kwa miongo mingi imekuwa mkate wa kila siku wa mchezo huu, ikirusha kichwa cha greni 175 kwa kasi ya kawaida, hupeperushwa karibu mita mbili na nusu katika mita 914 upepo wa ubavuni ukiwa wa maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16. Bunduki ya milimita 7 yenye kichwa kirefu cha greni 180, kinachotoka kwa kasi zaidi kidogo, hupeperushwa karibu mita moja na nusu. Mita nzima imeokolewa, na sehemu kubwa ya mita hiyo imeletwa na umbo la kichwa. Mwenye .308 akijaribu kuipata mita hiyo kwa kuongeza baruti, atashangaa. Akiongeza kasi kwa futi 100 kwa sekunde atapata nafuu ya inchi tano au sita, na kwa malipo hayo bunduki itaanza kumlalamikia: komeo linakuwa zito kufunguka na fataki zinatoka zimebapa. Hizo ni dalili za shinikizo lililopita kiasi, na mwenye busara hazingoji zote mbili.

Sasa turudi kwa yule mwenye kibano. Chembe moja ya baruti katika ganda la .308 hubadilisha kasi kwa takriban futi moja kwa sekunde. Kule mbali, futi moja kwa sekunde huishusha au kuipandisha risasi kwa chini ya sentimita moja. Upepo ukibadilika kwa maili moja kwa saa, badiliko ambalo ngozi ya uso haiwezi kulihisi, risasi ile ile husogea sentimita 25. Tuweke shabaha mbele yetu. Katika mashindano ya daraja la F, yale ya kulalia tegemeo na kutumia darubini, duara la alama 10 kwa yadi 1,000 lina kipenyo cha inchi 10. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 12 na nusu na kiduchu. Ukikosea upepo kwa maili moja, .308 inakupeleka kwenye ukingo wa duara la tisa. Ile ya milimita 7, ghali na nzuri, inakupeleka sentimita 15. Nayo imetoka nje ya kumi.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Hakuna mzigo unaoushinda upepo. Mzigo mzuri hupunguza tu bei ya kosa ambalo mlenga atalifanya, na kwa kuwa atalifanya, kupunguziwa bei ni jambo kubwa. Lakini watu hawauongelei hivyo. Wanaongea kana kwamba kuna mchanganyiko mahali fulani, wa ganda fulani na baruti fulani, ambao ukipatikana upepo utanyamaza.

Imani hiyo inalishwa na namna mizigo inavyojaribiwa. Mtu hushindilia risasi tatu za kiasi fulani cha baruti, tatu za kiasi kilichozidi kidogo, tatu nyingine, na kuendelea. Huenda uwanjani alfajiri wakati bendera zimelala. Kundi moja linatoka dogo, matundu matatu yamegusana. Mwenyewe anafurahi, anapiga picha, anaandika daftarini kwamba mzigo umepatikana. Wiki ijayo mzigo ule ule, bunduki ile ile, unatoa kundi kubwa mara mbili, naye analaumu joto, au ganda, au kiwanda cha baruti. Ukweli ni kwamba risasi tatu hazisemi karibu chochote. Bunduki yoyote ina mtawanyiko wake, na matatu yanaweza kuangukiana kwa bahati kama yanavyoweza kuachana kwa bahati. Anayetaka kujua lazima apige nyingi, na apige kule mbali, kwa sababu mzigo wenye kasi zinazopishana hauonekani mita 100, bali huanza kutawanya matundu juu na chini baada ya mita 700 au 800. Shida ni kwamba kasiba nayo inazeeka. Bunduki za risasi za kasi, kama 6.5-284, zinasifika kwa kuchosha kasiba baada ya risasi elfu moja na ushei. Mtu anaweza kuimaliza kasiba nzima akitafuta mzigo wa kuitumia.

Upepo, kwa upande wake, haujaribiwi alfajiri. Unajifunzwa saa nane mchana, na hauandikiki daftarini kirahisi.

Uwanja wa Bisley, kusini mwa Uingereza, ndipo mahali ambapo mchezo huu una kumbukumbu ndefu. Chama cha bunduki cha taifa la Uingereza kilifanya mkutano wake wa kwanza Wimbledon mwaka 1860, na Malkia Victoria ndiye aliyefyatua risasi ya ufunguzi, bunduki ikiwa imekazwa kwenye mtambo na yeye akivuta kamba ya hariri. Alipata katikati. Nadhani ndiye mlenga shabaha pekee katika historia ambaye bunduki na mzigo vilimfanyia kazi yote. Mwaka 1890 mkutano ulihamia Bisley, na kila Julai watu hukusanyika huko. Uwanja wa Stickledown ndio wa masafa marefu, unaofika hadi yadi 1,200, na bendera zake kwa kawaida hazikubaliani: hii inaonyesha kulia, ile ya katikati imening'inia, ya mwisho inatikisika kama haijaamua.

Mlenga aliyelala pale hategemei bendera peke yake. Darubini yake imesimama kando ya jicho, imelengwa si kwenye shabaha bali mahali fulani katikati ya njia, na anachotazama ni mazigazi. Hewa iliyopata joto inapanda kutoka ardhini, na upepo unaisukuma, kwa hiyo ndani ya kioo unaona kitu kinachotiririka juu ya majani. Kikitiririka kulia, upepo unakwenda kulia. Kikitiririka kwa kasi na kulala bapa, upepo ni mkali. Wakati mwingine mtiririko unasita, mawimbi yanasimama wima na kuchemka. Mgeni hudhani upepo umekwisha, na huo ndio wakati mzuri wa kupiga. Mwenyeji huondoa kidole kwenye kifyatulio. Mazigazi yanayochemka mara nyingi ni dalili kwamba upepo uko katikati ya kugeuka, na risasi itakayotoka sasa hivi itafika huko baada ya zaidi ya sekunde moja na nusu, upepo ukiwa umekwisha kuhamia upande wa pili.

Kuna na mambo madogo yasiyotarajiwa. Upepo wa ubavuni hausukumi pembeni tu. Kwa kasiba yenye michirizi ya kuume, upepo wa kutoka kulia huipeleka risasi kushoto na kuipandisha kidogo, na wa kutoka kushoto huipeleka kulia na kuishusha. Asiyejua hilo ataona matundu yamejipanga mshazari kwenye shabaha, atarudi nyumbani akilaani mzigo wake, na usiku huo atakuwa na kibano mkononi.

Bisley ina mambo mawili yanayofaa kutazamwa pamoja. Katika mashindano makuu ya bunduki ya shabaha, ambayo kilele chake ni Tuzo ya Mfalme inayomalizikia kwenye yadi 900 na 1,000, washindani hupewa risasi. Hakuna cha kujishindilia. Kila mmoja analala na risasi za aina moja na jirani yake, na usiku wa kuamkia fainali hakuna kilichobaki cha kufanya mezani. Mwaka 1930 tuzo hiyo ilikwenda kwa Marjorie Foster, mwanamke wa kwanza kuitwaa, kwa risasi zile zile walizokuwa nazo wanaume aliowashinda. Mashindano mengine, ya masafa ya yadi 1,000 hadi 1,200, yanaruhusu mtu ashindilie atakavyo. Humo ndimo akina kibano wanamotamba, na humo ndimo ngao ya Elcho imekuwa ikigombewa tangu 1862 baina ya mataifa ya visiwa vile. Mtu angetarajia kwamba mashindano ya kushindilia yangekuwa mashindano ya mizani. Hayako hivyo. Katika yadi 1,200 mzigo duni utakutoa mapema, hilo halina ubishi. Lakini walio juu wote wana mizigo mizuri, na kinachowatenganisha ni kilekile kinachowatenganisha waliopewa risasi.

Naipenda pia hadithi ya Creedmoor, uwanja uliokuwa Long Island, New York, na ambao jina lake leo limebandikwa kwenye risasi maarufu ya milimita 6.5. Septemba 1874 Waayalandi, mabingwa wa zama zile, walikwenda huko na bunduki za Rigby za kushindilia kupitia mdomo wa mtutu. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps zinazopakiwa kwa nyuma, silaha ambazo wakubwa wa mchezo walizibeza. Watu sita kila upande, yadi 800, 900 na 1,000. Ubishi uliotangulia ulikuwa wa vifaa: nani ana bunduki bora, nani anashindilia vizuri. Mshindani mmoja wa Ayalandi, J. K. Milner, alipiga katikati kabisa, alama nne, ila kwenye shabaha ya jirani, akapewa sifuri. Mwishoni ikabaki risasi moja, ya John Bodine, aliyekuwa amejeruhiwa mkono muda mfupi kabla na chupa ya kinywaji cha tangawizi iliyopasuka. Alifunga leso, akalala, akapiga katikati. Marekani 934, Ayalandi 931. Zile nne za Milner zingetosha kubadili kila kitu, na baruti yake siku ile haikuwa na kasoro yoyote.

Sisemi kibano kitupwe. Mtu ambaye mizigo yake inapishana kasi hovyo hataujua upepo kamwe, maana kila risasi inapoanguka mahali pasipotarajiwa atakuwa na mashahidi wawili wanaopingana: je, ni mimi niliyeisoma hewa vibaya, au ni ganda lile? Mzigo thabiti humwondolea shahidi mmoja. Hii ndiyo faida kubwa ya kushindilia kwa uangalifu, na husemwa mara chache kuliko ile ya matundu yaliyogusana. Risasi ikitoka nje na unajua mzigo ni safi, kosa ni lako, na kosa ambalo mwenyewe anajulikana linaweza kufundisha kitu.

Ila kuna kiwango ambacho ukishakifika meza haina zaidi ya kukupa, na watu hupitiliza hapo kwa sababu ambayo si ya kihesabu. Mizani inatii. Ukiiambia chembe moja, inakuonyesha chembe moja. Usiku ni mtulivu, nyumba imelala, kila ganda linasimama kwenye shimo lake katika kibao. Uwanjani mtu yuleyule ataaibishwa na kitu kisichoonekana mbele ya watu wanaoandika alama zake. Nani asingependelea meza? Ningekuwa na fedha ya kutosha darubini nzuri au mizani ya pili, najua akili ingesema darubini, na najua pia mkono ungekwenda wapi.

Waliopanga mashindano ya timu walikwisha kulitolea uamuzi suala hili. Katika mechi za timu za masafa marefu, kama Palma inayopigwa yadi 800, 900 na 1,000, mlenga hasomi upepo. Nyuma yake huketi kocha mwenye darubini, anayetazama mazigazi na bendera, anayesema vilengeo visogezwe kiasi gani na lini risasi itoke. Mlenga kazi yake ni kutulia na kufyatua pale alipoambiwa. Nafasi ya kocha hupewa mtu anayeaminiwa kuliko wote kikosini, na mtu huyo hapigi hata risasi moja.